Henry Fielding: Hakimu aliyeikataa shilingi ya mlalahoi

MNAMO Novemba 1725, jina la kijana wa miaka 18 liliandikwa katika kitabu cha baraza la mji wa Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza. Mlalamishi alikuwa mmoja wa wakuu wa mji, mlezi wa msichana yatima mwenye mali ambaye kijana huyo alikuwa akimmezea mate. Bwana huyo alidai kuwa anahofia maisha yake kwa sababu kijana na mtumishi wake wanapania kumdhuru. Wakuu wa mji hawakumtupa kijana jela. Walimtaka aweke ahadi rasmi ya kudumisha amani, wakamwachilia. Naye, kabla ya kuondoka mjini, alibandika tangazo hadharani kuwajulisha walimwengu wote kwamba mlezi yule na mwanawe ni washamba na waoga.

Miaka 23 baadaye, kijana huyo ndiye aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza. Kila asubuhi aliletewa walevi, wapiganaji, wazururaji na majirani waliorushiana ngumi na matusi, na uamuzi wa nani aende nyumbani na nani aende jela ulikuwa wake.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanamfahamu Henry Fielding kama mtunzi wa riwaya ya Tom Jones. Si wengi wanaojua kwamba riwaya hiyo ilipochapishwa mwaka wa 1749, mwandishi wake alikuwa tayari hakimu wa Bow Street, jijini London, wala kwamba kazi hiyo ya pili ndiyo iliyomla afya yake yote.

Fielding alizaliwa Aprili 22, 1707 huko Sharpham, katika jimbo la Somerset. Baba yake, Edmund, alikuwa mwanajeshi aliyependa anasa na ambaye fedha hazikumkaa mkononi. Babu yake mzaa mama, Sir Henry Gould, alikuwa jaji wa mahakama ya juu. Mama alifariki mwaka wa 1718, na baba alipooa tena, nyanya ya watoto alimfikisha mkwewe mahakamani kupigania malezi yao na mali waliyoachiwa. Bibi kizee akashinda. Kwa hivyo Fielding aliijua mahakama tangu utotoni, kama mtoto anayegombaniwa, kisha kama kijana mkorofi, kabla hajaijua kama wakili na hakimu.

Alisomea shule ya Eton, akapitia kwa muda mfupi Chuo Kikuu cha Leiden, nchini Uholanzi, halafu akageukia jukwaa. Kati ya 1728 na 1737 aliandika zaidi ya tamthilia 20, nyingi zikiwa za kejeli. Waziri Mkuu Robert Walpole alichoka kudhihakiwa, na mwaka wa 1737 Bunge likapitisha sheria iliyoitaka kila tamthilia mpya ipate idhini ya serikali kabla ya kuigizwa. Riziki ya Fielding ikakatika papo hapo. Alikuwa na miaka 30, mke na watoto.

Hapo ndipo alipojiunga na chuo cha mawakili cha Middle Temple, akisoma usiku na mchana hadi alipokubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1740. Wateja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Madeni yalimwandama na ugonjwa wa jongo ukaanza kumvimbisha miguu. Mkewe mpenzi, Charlotte, aliaga dunia mwaka wa 1744. Miaka mitatu baadaye Fielding alimwoa Mary Daniel, aliyekuwa mtumishi wa marehemu mkewe na ambaye tayari alikuwa mjamzito. Mabwanyenye wa London walicheka hadi mbavu zikawauma. Yeye hakujali.

Nafasi ya uhakimu ilikuja mwishoni mwa mwaka wa 1748, kwa hisani ya Mtawala wa Bedford, rafiki yake mwenye uwezo. Kwanza alipewa mamlaka juu ya Westminster, na mwaka uliofuata akaongezewa eneo zima la Middlesex. Kwa kuwa sheria ilidai kwamba hakimu wa Middlesex awe na ardhi yenye pato la pauni 100 kwa mwaka, na Fielding hakuwa na kitu, Mtawala huyo alimkodishia nyumba zake ili atimize sharti. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa akiwakimbia wadai alivyogeuka kuwa mlinzi wa amani.

Inafaa kueleza korti hizo zilivyofanya kazi, maana bila hilo haiwezekani kuelewa alichokifanya. London haikuwa na polisi. Kila mtaa ulitegemea konstebo, ambaye kwa kawaida alikuwa mwenye nyumba aliyelazimika kutumikia mwaka mmoja bila malipo, pamoja na walinzi wa usiku waliolipwa ujira mdogo. Wengi wa walinzi hao walikuwa wazee waliobeba rungu na kandili. Aliyekamatwa usiku akipiga kelele, akipigana, akilewa au akitembea tu mahali ambapo mlinzi hakupapenda, alifungiwa katika kibanda cha walinzi hadi asubuhi. Kulipokucha alipelekwa nyumbani kwa hakimu. Naam, nyumbani: korti ilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya hakimu mwenyewe, na familia yake iliishi orofani.

Hakimu alikuwa na njia kadhaa. Angeweza kumwachilia mshukiwa kwa kukosa ushahidi. Angeweza kuwapatanisha wagomvi. Angeweza kumtaka mshtakiwa aweke ahadi ya kudumisha amani, yenye wadhamini na kiasi cha fedha ambacho kingepotea iwapo angerudia fujo, jinsi Fielding mwenyewe alivyoahidishwa pale Lyme Regis. Au, kwa mujibu wa sheria ya uzururaji ya mwaka wa 1744, angeweza kumtangaza mtu kuwa mvivu na mvunja utaratibu na kumpeleka katika nyumba ya marekebisho kwa kazi ngumu ya hadi mwezi mmoja. Hapakuwa na juri wala wakili. Neno la mlinzi na la hakimu lilitosha. Makosa makubwa pekee ndiyo yaliyosongezwa mbele hadi vikao vya kila robo mwaka au mahakama ya Old Bailey.

Msomaji wa Kenya hapaswi kuyaona maneno hayo kuwa ya mbali. Kundi la watu wavivu na wavunja utaratibu, pamoja na lile la wahuni na wazururaji, yote yaliyotajwa katika sheria hiyo ya 1744, yalirithiwa na sheria nyingine ya Uingereza ya mwaka wa 1824, yakavuka bahari na wakoloni, na yakaingizwa katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Kenya mwaka wa 1930. Ilipofika Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za aina hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika.

Tatizo kuu la korti za London, hata hivyo, lilikuwa fedha. Hakimu hakulipwa mshahara. Aliishi kwa ada. Hati ya kukamata ilikuwa na bei yake, ahadi ya amani ilikuwa na bei yake, na hata karatasi ya kuachiliwa huru ililipiwa. Kila ugomvi wa sokoni ulikuwa mavuno. Wanawake wawili wakitukanana kwenye kisima, hakimu mjanja alimpa mmoja hati ya kumkamata mwenzake, kisha akampa na yule wa pili hati ya kumkamata wa kwanza, halafu akawatoza wote wawili. Kuwapatanisha ilikuwa hasara. Wakazi wa London waliwaita watu hao mahakimu wachuuzi, na hawakuwa wamekosea. Mmoja wa waliomtangulia Fielding alijigamba kwamba kazi hiyo ilimwingizia pauni 1,000 kwa mwaka.

Fielding alikuta kiti hicho kikiwa na pato la takriban pauni 500 kwa mwaka, fedha ambazo yeye mwenyewe aliziona kuwa chafu kuliko zote duniani. Badala ya kuchochea ugomvi wa wapagazi na ombaomba, aliusuluhisha. Mtu ambaye angebaki bila senti baada ya kulipa shilingi moja hakuitishwa shilingi hiyo. Pato likashuka hadi pauni 300 na kitu, na sehemu kubwa yake ikaenda kwa karani wake, aliyekuwa akiketi naye karibu saa 16 kwa siku katika chumba chenye hewa mbovu. Ni kweli kwamba serikali ilikuwa ikimpa posho ya kila mwaka kutoka mfuko wa utumishi wa umma, na bila hiyo huenda asingeweza kumudu uadilifu wake. Lakini mahakimu wachuuzi hawakukosa posho pekee. Walikosa aibu.

Picha kamili ya korti hizo aliiacha katika Amelia, riwaya yake ya mwisho, iliyotoka Desemba 1751. Kitabu kinafunguka katika korti ya hakimu wa kubuni aitwaye Thrasher, mtu asiyejua sheria hata chembe lakini anayejua bei. Anayeletwa kwanza ni mwanamume aliyepasuliwa kichwa, anayedaiwa kumpiga mtu ambaye hana hata mkwaruzo. Hakimu anasikia lafudhi yake ya Kiayalandi na kuona kuwa huo ni ushahidi tosha. Anafuata msichana mtumishi aliyekutwa barabarani usiku akikimbia kumwita mkunga wa bibi yake aliyeshikwa na uchungu. Anapelekwa jela ya Bridewell kama kahaba. Mwanamume na mwanamke waliovaa vizuri wanaachiliwa. Halafu anakuja Booth, mume wa Amelia, aliyejaribu kumwokoa mtu aliyekuwa akipigwa barabarani na mabwana wawili. Mabwana hao walielewana na konstebo wakaenda zao. Booth hakuwa na nusu krauni. Kwa hivyo anashtakiwa kumshambulia mlinzi wa usiku na kuvunja kandili yake, na vipande vya kandili iliyovunjika zamani, vilivyohifadhiwa kwa ajili ya kesi kama hiyo, vinawekwa mezani kuwa ushahidi.

Mtu ambaye hajakaa katika korti kama hiyo hawezi kubuni kandili ile. Fielding alikuwa ameketi humo miaka mitatu.

Asidhaniwe malaika, lakini. Kesi iliyomchafulia jina zaidi ilianza Jumamosi, Julai 1, 1749. Mabaharia walioibiwa katika danguro moja kwenye barabara ya Strand walirudi na wenzao, wakaivamia nyumba, wakatoa vitanda na viti nje na kuviteketeza. Usiku uliofuata walizishambulia nyumba nyingine. Fielding hakuwa mjini mwishoni mwa juma hilo. Aliporudi Jumatatu alikuta umati barabarani na washukiwa wakimsubiri. Miongoni mwao alikuwa kijana mtengenezaji wa nywele bandia, Bosavern Penlez, aliyekamatwa na walinzi alfajiri akiwa amelewa na akiwa na fungu la nguo lililodaiwa kutoka katika mojawapo ya madanguro hayo. Fielding alimpeleka gereza la Newgate.

Laiti angeshtakiwa kwa ulevi na kuvuruga amani, Penlez angelala mwezi mmoja katika nyumba ya marekebisho na kurejea kwenye kazi yake. Badala yake alishtakiwa chini ya Sheria ya Ghasia iliyoanza kutumika mwaka wa 1715, ambayo iliweka adhabu ya kifo kwa wanaoshiriki ghasia za kubomoa nyumba. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa mwenye danguro lenyewe. Juri lilimpata na hatia lakini likaomba ahurumiwe, na mamia ya wakazi wakatia saini ombi la msamaha. Mwenzake aliyehukumiwa pamoja naye aliponea chupuchupu. Penlez alinyongwa Tyburn Oktoba 18, 1749, na wakazi wa mtaa wa Mtakatifu Clement wakamzika kwa heshima.

Mji ulichemka. Uchaguzi mdogo wa Westminster uliofanyika mwezi uliofuata uligeuka kuwa mjadala kuhusu kijana huyo, hasa kwa kuwa mgombea wa serikali alikuwa shemeji wa Mtawala wa Bedford, mfadhili wa Fielding. Hakimu alichapisha kijitabu cha kujitetea, akieleza kwamba ghasia zisipozimwa mapema hugeuka kuwa uasi, na kwamba lile fungu la nguo lilimwonyesha Penlez kuwa mwizi zaidi kuliko mfanya fujo. Hoja yake ya pili ndiyo dhaifu. Ikiwa kijana alinyongwa kwa ajili ya wizi, mbona hakushtakiwa kwa wizi? Kijitabu hakikuwaridhisha waliomzika, na ni vigumu kuwalaumu.

Mwezi Januari 1751 aliandika utafiti mrefu kuhusu sababu za kuongezeka kwa wanyang'anyi. Humo aliilaumu pombe kali ya jini iliyouzwa kwa senti chache katika kila kichochoro, akieleza jinsi alivyoletewa asubuhi watu waliolewa usiku kiasi cha kutokumbuka walichofanya. Rafiki yake, mchoraji William Hogarth, alitoa mchoro wake mashuhuri juu ya janga hilo hilo mwezi uliofuata, na mwaka uo huo Bunge likabana uuzaji wa jini. Lakini utafiti huo pia uliwalaumu walalahoi kwa kupenda starehe zisizo za tabaka lao, na kutaka wazururaji wabanwe zaidi. Mtu aliyemwonea huruma ombaomba mmoja mmoja mezani pake aliwaogopa walipokuwa wengi.

Kesi ya Elizabeth Canning, mwaka wa 1753, nayo ilimwonyesha kuwa hakimu anaweza kudanganyika. Canning, mtumishi wa ndani wa miaka 18, alitoweka Januari 1, akarejea karibu mwezi mmoja baadaye akiwa amekonda, na kusema alikuwa amefungiwa darini katika nyumba moja nje ya mji. Fielding alimwamini. Shahidi aliyesitasita alitishwa na hakimu kwamba angepelekwa jela, na akabadilisha maelezo yake yakalingana na ya msichana. Mwanamke mzee wa Kijipsi, Mary Squires, akahukumiwa kunyongwa. Meya wa London alichunguza upya na kupata mashahidi waliomwona Squires mbali kabisa na hapo. Mwanamke huyo alipewa msamaha wa mfalme, naye Canning akahukumiwa mwaka uliofuata kwa kusema uongo chini ya kiapo na kupelekwa Amerika.

Yaliyofanikiwa yalikuwa ya kudumu. Katika majira ya baridi ya 1749 kuelekea 1750, Fielding alikusanya watu wasiozidi sita au saba, wengi wao wakiwa makonstebo waliomaliza zamu zao, wawe kikosi cha kuwasaka wezi. Kikosi hicho ndicho kilichokuja kujulikana kama wakimbizaji wa Bow Street, mbegu ya polisi wa London. Katika gazeti lake, lililotoka mwaka wa 1752, karani wake aliripoti kesi za korti: nani aliletwa, kwa kosa gani, na aliamuliwa nini. Leo msomaji huliona jambo hilo kuwa la kawaida. Wakati huo, kuyaweka hadharani maamuzi ya chumba cha hakimu kulikuwa pigo kwa wale waliozoea kuuza haki gizani.

Mwezi Agosti 1753 mwili wake ulikuwa umechakaa. Madaktari walimtaka aende Bath kuoga maji ya moto, lakini serikali, ikihofia mfululizo wa mauaji jijini, ilimwomba mpango wa kuyakomesha. Aliandika mpango huo kwa siku nne, akaomba pauni 600, na kwa fedha hizo watoa habari na kikosi chake walilisambaratisha genge lililokuwa likiwatisha wakazi. Majira hayo ya baridi mji ulitulia. Yeye alibaki na jongo, pumu na mwili uliojaa maji, ambao madaktari walilazimika kuutoboa mara kwa mara ili kuyatoa.

Juni 26, 1754 aliwaaga watoto wake na kubebwa hadi melini, asiweze kutumia miguu yake, akiwa na mkewe na binti yake mmoja. Safari ya kwenda Lisbon, nchini Ureno, ilichelewa kwa sababu ya upepo mkaidi, na njiani aliandika kumbukumbu ambamo, kwa mara ya mwisho, aliufungua mkoba wa uhakimu wake na kuonyesha kilichokuwemo. Alifariki Oktoba 8, 1754 akiwa na miaka 47, na akazikwa katika makaburi ya Waingereza jijini humo. Hakuacha mali ya kutosha kulipa madeni yake.

Kiti cha Bow Street kilichukuliwa na John Fielding, ndugu yake wa baba mmoja, ambaye alikuwa kipofu tangu ujana na ambaye inasemekana aliwatambua wezi kwa sauti zao. Alikikalia hadi alipofariki mwaka wa 1780. Mwaka wa 1792 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha afisi saba London na viunga vyake, kila moja ikiwa na mahakimu watatu wa kulipwa mshahara wa pauni 400 kwa mwaka, na ada zikaacha kuingia mfukoni mwao.

Korti yenyewe iliendelea katika barabara ile ile kwa zaidi ya miaka 250, katika jengo jipya lililofunguliwa mwaka wa 1881. Ilifungwa Julai 14, 2006. Mshtakiwa wa mwisho kusimama kizimbani siku hiyo alikuwa mwanamume wa miaka 33, mlevi asiye na makao, aliyedaiwa kukiuka amri iliyomkataza kuwasumbua watu.